Mali Kauli kwa Mgeni: Kumsaidia Aliyehamia Kisiwani Aanze Biashara

Hotuba kwa masheha, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa na wafanyabiashara wa jumla, Chake Chake, Pemba

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, viongozi wa vikundi, matajiri wa jumla wa Chake, Wete na Mkoani, kina mama na kina baba.

Wako Wapemba waliozaliwa Kilifi na Kwale, nchi ya Kenya, ambao wazee wao walivuka kufuata samaki tangu kabla ya uhuru wa nchi ile. Kwa miaka mingi watu hao wamevua bila ya leseni, na si kwa ukaidi. Leseni ilitaka kitambulisho, na kitambulisho hawakupewa kwa sababu hawakuhesabiwa kuwa raia. Bila ya kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Bila ya laini huna M-Pesa. Bila ya M-Pesa, mnunuzi aliye mbali hana pa kukutumia malipo, itakubidi upitie kwa mtu, na huyo mtu naye ana chake. Mvuvi anayeijua bahari kuliko jirani zake akawa anaishi kwa huruma ya mwenye kadi. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi, wakaanza kupewa vitambulisho. Hakuna aliyeongezewa mtaji siku ile. Kilichotolewa ni karatasi, na karatasi ikafungua leseni, laini na akaunti.

Tumeanza kwa ndugu zetu wenyewe ili tuelewane mapema. Na wapo hapa ukumbini wanaokumbuka Januari 2001, pale zaidi ya watu 2,000 walipokimbia kutoka kisiwa hiki hadi Shimoni, Kenya. Neno mkimbizi halikuletwa Pemba na redio.

Basi hoja yetu leo ni moja. Upungufu mkubwa wa mgeni ni kutojulikana. Ofisi haimjui, tajiri wa jumla hamjui, jirani hamjui. Ukimpa pesa kabla ya kumjulisha, pesa italiwa, na wewe utarudi kusema wageni hawasaidiki. Mithali yetu inataka mgeni apewe jembe siku ya tatu, ila haisemi shamba ni la nani wala nani atamdhamini akivunja mpini. Hayo ndiyo tutakayoyazungumza.

Kwanza tujue mgeni ni nani, maana sheria haiwatazami wote kwa jicho moja. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Leseni ya biashara na kibali cha kazi kwa mgeni anayefanya kazi Zanzibar ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa: mtu ana hati ya ukaazi ya Uhamiaji mkononi, anadhani amemaliza, kumbe hajafika Kamisheni ya Kazi wala Baraza la Mji.

Aliyetoka Bara ni raia. Hahitaji hati ya Uhamiaji. Anahitaji kuandikwa kwa sheha, basi. Katika hawa wamo Watanzania wenye asili ya Burundi, wale waliokimbia 1972 na watoto wao, waliopewa uraia na kuanza kukabidhiwa vyeti 2014, watu wapatao 162,000. Sheha akiona jina au akisikia lafudhi asimrudishe mtu huyu kwenye ukimbizi alioutoka kwa sheria. Aangalie cheti.

Mkenya, Mganda, Mkongo na Msomali ni raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo tangu 2022 na Somalia tangu 2024. Uanachama huo unarahisisha kuingia. Haumpi mtu leseni. Kuingia kwa matembezi na kufungua mlango wa duka ni mambo mawili, na hati ya matembezi haigeuki kuwa ya biashara kwa kuwa mtu amekaa sana.

Mkimbizi ana njia yake. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa ofisa anayehusika ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, na inaipa Serikali uwezo wa kumpangia eneo la kukaa. Kambi kubwa, kama Nyarugusu, ziko mkoa wa Kigoma, na kutoka kule bila ya kibali ni kosa. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mkimbizi kupewa kibali cha kazi, lakini hakiji chenyewe, kinaombwa. Kwa hiyo, sheha, ukiletewa mtu anayesema amekimbia vita, msaada wa mwanzo ni kumfikisha Uhamiaji huku siku 7 hazijapita, na kumpa chakula na pa kulala. Ukimfungulia genge kwanza umemtia kwenye hatari mbili kwa mkupuo mmoja.

Wapo watakaouliza mbona Uganda mkimbizi anafanya kazi na kutembea atakavyo. Ni kweli, sheria yao ya 2006 inasema hivyo. Na hata kule Kakuma, Kenya, palipokuwa na vizuizi vingi, utafiti wa shirika la fedha la IFC wa 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 ndani ya kambi na mji wake. Hoja ya kubadilisha sheria ina pake pa kusemewa. Leo tunazungumzia tunachoweza kukifanya ndani ya sheria iliyopo, kuanzia Jumatatu.

Karatasi sasa. Tutapita haraka, kwa sababu mlolongo wenyewe si mgumu, mgumu ni mpangilio. Mgeni aanze kwa barua ya sheha inayosema anakaa nyumba ya nani, tangu lini. Kisha kitambulisho kinachomhusu. Kisha jina la biashara asajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, kama anataka jina. Mwenye beseni la maandazi hana haja nalo kwa mwaka wa mwanzo. Kisha namba ya mlipakodi na kujitambulisha kwa Mamlaka ya Mapato. Kisha leseni ya Baraza la Mji au Halmashauri ya pale biashara ilipo, na wala si pale anapolala. Anayegusa chakula anaongeza upimaji wa afya na ukaguzi wa Wakala wa Chakula na Dawa. Kosa linalojirudia ni mtu kulipia mlango wa duka miezi sita mbele, na kilemba, yaani pesa ya kuachiwa mlango, juu yake, ndipo akaanze kutafuta hati. Kodi ya mlango inahesabika tangu siku ya kwanza. Hati inaweza kuchukua wiki. Anapofungua, robo ya mtaji imeshakuwa ya mwenye nyumba.

Kisha kuna leseni ya kuazima. Mgeni hana hati, mwenyeji anamwambia, "Tumia jina langu, tutaelewana." Wataelewana mpaka duka lishike. Siku ya kugombana, leseni ni ya mwenyeji, mkataba wa mlango ni wa mwenyeji, akaunti ni ya mwenyeji, na mgeni hana hata pa kushitaki kwa sababu atakuwa anajishitaki mwenyewe. Mwenyeji naye hayuko salama. Bara wametoa amri Julai 2025 inayowakataza wasio raia aina 15 za biashara, zikiwemo duka la rejareja na jumla, wakala wa pesa za simu, ufundi wa simu na ununuzi wa mazao shambani, na raia anayemfichia mgeni anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Amri ile imetolewa chini ya sheria ya leseni ya Bara. Lakini mgeni wa hapa anayetaka kupeleka bidhaa Tanga na kufungua banda kule aijue kabla hajapanda boti.

Kama watu wanataka ushirika wa kweli, wauandike: nani katia kiasi gani, nani anafanya kazi, faida inagawanywa vipi, akiondoka mmoja vitu vinathaminiwa vipi. Nakala tatu, mashahidi wawili, ya tatu ikae kwa sheha.

Laini ya simu ina mkosi wake. Raia husajili kwa namba ya NIDA, mgeni kwa pasipoti, mkimbizi kwa kitambulisho cha ukimbizi. Mgeni akikosa, huazima laini ya rafiki. Pesa za wateja zinaingia kwenye jina la rafiki, na siku rafiki anapodaiwa mkopo wa simu, zinakatwa. Hakuna wizi hapo; kampuni imekata pesa za mteja wake. Mpaka mgeni apate laini yake, auze kwa taslimu.

Haya, tufike kwa mali kauli, yaani bidhaa za kuchukua leo kwa ahadi ya kulipa ukishauza, maana hapa ndipo penye uhai wa biashara ndogo kisiwani na ndipo mgeni anapokwama.

Nyote mnajua mwenye duka wa hapa anavyofanya kazi. Hanunui mzigo kwa taslimu. Anachukua sukari, sabuni na viberiti kwa tajiri wa jumla kwa kauli, anauza, anarudisha, anachukua tena. Mtaji wake mkubwa ni kwamba tajiri alimjua baba yake. Mgeni mwenye shilingi 200,000 anashindana na mwenyeji mwenye 200,000 zake na mali kauli ya 800,000 juu. Rafu za mmoja zimejaa, za mwengine zina mapengo, na mteja hupita pale penye vitu. Halafu tunasema mgeni hajui biashara.

Ukitaka kumsaidia, msaidie kupata kauli. Dhamana ya mtu mmoja tusiipende. Mtu mmoja akisafiri au akifa, mdhaminiwa anabaki mtupu, na mtu mmoja akikasirika anamgeuza mgeni mtumwa wake. Wawe watatu, kila mmoja na kikomo chake kilichoandikwa. Mathalan mzigo wa kwanza ni wa shilingi 60,000: kila mdhamini anasimamia 20,000, wala tajiri hana haki ya kumdai mmoja zote. Muda uwe siku 7. Mzigo ukilipwa wote kwa wakati mara tatu mfululizo, unapanda kuwa 100,000. Mara tatu nyengine, 150,000, na hapo wadhamini wanajitoa, kwa sababu daftari limeshamdhamini mgeni kuliko wao. Akichelewa mara moja, anabaki ngazi ile ile. Akichelewa mara mbili, anashuka. Madaftari yawe mawili, moja la tajiri na moja la mgeni, na kila malipo yatiwe sahihi kote kuwili siku ile ile.

Mambo matatu huharibu mpango huu.

La kwanza linatoka kwa tajiri, na matajiri mtusamehe. Mgeni anapewa bidhaa zilizolala: biskuti zilizobakisha mwezi mmoja, sabuni isiyopendwa, nguo za rangi zilizokataliwa Idd iliyopita. Anakubali kwa kuwa hana uso wa kukataa. Siku 7 hazitoshi kuuza kitu ambacho tajiri kimemshinda miezi 7. Sharti la wadhamini liwe hili: mizigo mitatu ya mwanzo iwe ya vitu vinavyotoka kila siku, yaani sukari, unga, mafuta, chumvi, sabuni ya kipande, na wadhamini waione orodha kabla haijapakiwa.

La pili ni la mgeni. Deni la tajiri wa kwanza likimbana, anachukua kauli kwa tajiri wa pili ili alipe. Anaziba tundu kwa kufukua jengine. Dalili yake inaonekana mapema: rafu zinajaa ghafla wakati mauzo hayajapanda. Matajiri wa mji mmoja mnajuana. Simu moja kwa wiki inatosha kulizuia hili.

La tatu ni la sisi majirani. Tunakopa kwa mgeni kwa kuwa anaona haya kukataa. Unga nusu kilo, mafuta robo, "nitakuletea jioni." Mwenyeji anaweza kumpigia hodi mama yako. Mgeni atamwendea nani? Aandikiwe kibao na wadhamini wenyewe: kwa miezi mitatu duka hili halikopeshi. Lawama iende kwa wadhamini.

Baada ya kauli ndipo pesa zina kazi, na pesa za wageni zisichanganywe. Kuna pesa ya kula na pesa ya kuzalisha. Mpango ulioanzishwa na shirika la BRAC, Bangladesh, 2002 kwa masikini wa mwisho ulianza kwa kuwapa watu chakula au posho, ndipo ukawapa mali ya kuzalisha, mafunzo, akiba na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara, kwa muda wa miaka miwili hivi. Mpangilio wake una sababu: anayelala na njaa atakula mbuzi uliyempa, na ana haki. Kwetu, fungu la kula lina mlango wake. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba, na ndani yao wamo fukara, masikini, mwenye deni na msafiri aliyekatikiwa na njia. Lakini zaka humilikishwa. Huwezi kumpa mtu zaka kisha ukaidai irudi kwenye mfuko. Kwa hiyo itumike kwa chakula, kwa kodi ya chumba, au kwa beseni na jiko la kuanzia, na isiitwe mkopo hata kwa mzaha.

Fungu la kuzalisha tunalo kwenye makasha ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Mtindo huu wa kasha la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ulianza kwa wanawake wa Maradi, Niger, 1991, na sasa haiko shehia isiyoujua. Tatizo ni kumwingiza mgeni katikati ya mzunguko. Faida mwisho wa mwaka hugawanywa kwa hisa, haiulizwi hisa imeingia mwezi gani. Aliyenunua hisa tano mwezi wa 8 anapata sawa na aliyenunua tano mwezi wa 1, ambaye pesa yake imezunguka mara nyingi zaidi. Wazee wa kikundi wananung'unika, na wana haki. Msimkatae mgeni, lakini msimwingize. Mwekeeni akiba pembeni, ya jina lake, mpaka mzunguko mpya uanze, naye azoee siku ya kikao, faini ya kuchelewa na lugha ya kasha. Siku ya mgao anakaa anaangalia. Hakuna somo linalozidi kuona pesa za watu zikihesabiwa mezani na kila mtu akaondoka na zake.

Suala la riba halina budi kuguswa. Vikundi vingi vinatoza asilimia 5 au 10 kwa mwezi na kuiita "ada". Wanachama wengine, wenyeji na wageni, hawazichukui pesa hizo, wanabaki kuweka tu. Murabaha, yaani kununua kitu na kumuuzia mtu kwa faida iliyotajwa wazi, inafaa, ila ifanywe murabaha kweli. Mgeni ni fundi cherehani. Cherehani dukani ni 350,000. Kikundi kinatuma watu wawili, wananunua kwa pesa ya kikundi, risiti ya kikundi, cherehani inaletwa kikaoni. Sasa ni mali ya kikundi. Ikivunjika njiani hasara ni ya kikundi. Kisha wanamuuzia kwa 392,000, bei iliyotajwa wazi pamoja na faida yake ya 42,000, kwa mafungu 14 ya 28,000 kila wiki. Akichelewa bei haipandi. Ikiwa mnatoza faini ya kuchelewa, iende sadaka, isiingie kwenye faida.

Njia ya mkato ni kumpa 350,000 mkononi, "kanunue mwenyewe, uturudishie 392,000." Hapo mmekopesha kwa ziada na kubadilisha jina tu. Na mbali na dini, kuna hasara ya kidunia: pesa ikishika mkono wa mtu mwenye mgonjwa nyumbani, cherehani haitanunuliwa.

Kwa uchuuzi wa samaki murabaha haifai, kwa sababu bei ya diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, hubadilika saa kwa saa. Fanyeni ushirika. Kikundi kikitoa mtaji wote na mgeni kazi, hiyo ni mudharaba: faida kwa fungu mlilokubaliana, hasara ya mtaji ni ya kikundi, isipokuwa amefanya uzembe au amevunja sharti. Wote wakitoa mtaji, faida ni kwa makubaliano na hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Mwenyekiti asiyeweza kuisoma sentensi hiyo mbele ya kikundi asiupitishe mkataba.

Hesabu za kila siku sasa, maana nyingi ya biashara hizi ni za chakula. Tuchukue bei za mfano, kila mtu atazibadilisha kwa za soko lake. Mama anakanda kilo 4 za unga wa ngano, 8,000. Sukari gramu 600, 1,800. Nazi mbili, 2,000. Hamira na iliki, 700. Mafuta yatakayonywewa, karibu lita, 4,500. Makaa, 2,000. Jumla 19,000. Kilo moja ya unga hutoa maandazi kama 35, kwa hiyo anapata 140. Akiuza 200 kwa moja, yote, ni 28,000, faida 9,000. Sasa maandazi 20 yakilala, faida ni 5,000. Wengine wakichukua 15 kwa deni lisilolipwa, imebaki 2,000, naye ameamka saa tisa za usiku.

Gawa 19,000 kwa 200 utapata 95. Andazi la 96 ndilo la kwanza la faida. Mgeni anayejua namba hiyo ataamua mwenyewe kama siku ya mvua akande kilo 4 au 3. Asiyeijua anahesabu zote 28,000 kuwa zake. Mfundisheni kuweka makopo mawili: la kurudia sokoni, ambalo haliguswi mpaka 19,000 zimerudi, na la nyumbani. Hiyo ndiyo kozi nzima. Semina za siku tano zenye mpango wa biashara wa kurasa 20 tuwaachie wenye posho.

Halafu kuna mambo ambayo sisi tunayajua bila ya kujua kwamba tunayajua, na mgeni hakuna anayemwambia.

Mwezi wa Ramadhani mgahawa wa mchana unafungwa. Anayetegemea chai ya asubuhi amekosa siku 29 au 30, na Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mwaka jana si kipimo. Ahamie futari, tambi na mikate ya kumimina, aanze kuuza saa kumi jioni, na marejesho yake ya kikundi yapangwe upya kabla mwezi haujaandama.

Bahari ina kalenda yake. Wakulima wa mwani huvuna kwa bamvua, maji yanapokupwa sana, mara mbili kwa mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka gizani, mbaamwezi wanakaa. Kikundi cha pwani kinachodai fungu kila Alhamisi kinadai pesa wiki ambayo hazipo na kuziacha wiki zilipo. Panga marejesho kwa mwezi wa angani. Kusi likivuma kwa nguvu vyombo vya Tanga huchelewa, unga na vitunguu hupanda bei. Mwenye duka mdogo aongeze akiba ya siku chache kabla, ila asinunue vitunguu vya mwezi mzima, vitamwozea.

Na karafuu. Tafadhali mwambieni kila mgeni siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonesha kisima. Karafuu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, peke yake. Msimu ukianza, mtoto au mchumaji atamletea mwenye duka kopo la karafuu badala ya pesa. Kwa mgeni kutoka nchi ambako kahawa na kakao huuzwa kwa yeyote, hilo ni deni linalolipwa. Hapa anaweza kukamatwa kwa magendo, na kopo lenyewe aghlabu limeibwa shambani kwa mtu. Jibu ni moja: kauze kituoni, niletee shilingi.

Msimu wenyewe una neema yake. Pesa za karafuu zinapotoka, nguo, mabati na vyombo vya ndani hutoka pia. Lakini karafuu mwaka mmoja huzaa sana na mwaka unaofuata hupumzika. Mgeni aliyefika mwaka wa neema ataagiza mzigo mkubwa mwaka wa pili, nao utakaa mpaka panya waujue.

Mgeni hafiki mikono mitupu. Angalieni dagaa wa Unguja, kule Kama, Mangapwani na Fungurefu. Dagaa wanachemshwa kwa maji ya chumvi, wanaanikwa, wanapakiwa, na sehemu kubwa inakwenda Kongo. Soko lile halikutengenezwa na semina. Liko kwa sababu wapo watu wanaojua Lubumbashi wanakula nini na nani analipa. Mkongo mmoja anayejulikana kwao ana thamani kwa wachemshaji 30 wa hapa kuliko mtaji atakaoomba. Kazi yetu ni kumpa mahali pa kuanikia palipoinuliwa, chanja za nyavu badala ya mchanga, na turubai la masika, kwa sababu dagaa wakinyeewa nusu kavu huvunjika na kunuka, na bei yao inashuka kuwa ya chakula cha kuku. Basi sheha anapomwandika mgeni, baada ya jina na alikotoka aongeze safu mbili: anajua kazi gani, na anamjua nani huko alikotoka. Safu hizo mbili hazimo kwenye daftari la shehia yoyote tuliyoliona.

Tumalizie kwa kazi. Karatasi zinazogawiwa sasa ni za aina mbili. Ya njano ni ya matajiri wa jumla: andika bidhaa utakazozitoa kwa kauli, kiwango cha mzigo wa kwanza na siku za kulipa. Usiandike usichoweza kukipoteza. Ya nyeupe ni ya vikundi: andikeni tarehe mzunguko wenu mpya unapoanza, na wanachama watatu walio tayari kudhamini, kila mmoja na kikomo chake kwa shilingi. Masheha mtabaki na majina ya wageni mliokwisha kuwaandika, tutayasoma kwa sauti na kuyalinganisha. Tutaanza na Wete, gari yao inaondoka baada ya sala ya alasiri.